Ufundi Usiwe Adhabu ya Waliofeli

"Usiposoma, nitakupeleka gereji." Kauli hii imezoeleka katika nyumba zetu, na wanaoitamka wanadhani wanahimiza elimu. Mtoto anayekua akiisikia huamini kwamba mtu anayetengeneza gari la baba yake ameshindwa maisha. Kisha matokeo ya kidato cha nne yakitoka mabaya, mzazi yuleyule humshika mkono na kumpeleka kwa fundi. Kijana anafika ameinamisha kichwa, anaona haya rafiki zake wasije wakamwona. Malezi yamekwenda mrama kabla hajashika spana.

Mafundi wa majahazi wa Lamu na Nungwi walirithishana kazi kwa njia nyingine. Mtoto alikaa karibu na mkubwa, akaleta zana zilipohitajika, akajua jina la kila mbao na mahali pake, mpaka siku alipoachiwa kupiga msumari wake mwenyewe. Alikua akijua kwamba kazi ile ina wenyewe, na kwamba wenyewe wanaheshimiwa.

Ufundi unataka akili. Mtazame mwashi anapopima msingi wa nyumba. Kutoka kwenye kona anapima mita 3 upande mmoja na mita 4 upande wa pili, kisha anavuta futi kutoka alama hii hadi ile. Ikisoma mita 5 kamili, kona imekaa sawa; ikizidi au ikipungua, anasogeza kamba na kupima upya. Ni kanuni ileile ya Pythagoras ambayo mtoto aliinakili ubaoni akiuliza itamfaa nini. Mzazi anayempeleka mtoto kuona jambo hili asubuhi moja ya likizo amemsaidia hata mwalimu wa hisabati.

Tanzania milango ipo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeweka mkondo wa amali, yaani wa ujuzi wa kazi, katika sekondari sambamba na mkondo wa jumla. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina vyuo mikoani, na hata fundi aliyejifunzia mtaani anaweza kupimwa ujuzi wake akapewa cheti. Lakini hakuna sera inayoweza kumpa mtoto heshima ya kazi ikiwa nyumbani ameshafundishwa kuidharau.

Wajibu wa mzazi hauishii kumfikisha mtoto mlangoni. Kabla ya kumwacha kijana kwa fundi, kaeni chini mkubaliane: atajifunza nini na kwa muda gani, ataanza lini kulipwa, na nani atamwelekeza. Wapo vijana waliofagia karakana na kutumwa chai mwaka mzima bila kufundishwa lolote, kwa kuwa hakuna mkubwa aliyekuja kuuliza. Ulizia na kinga. Anayechomelea vyuma bila kioo cha kukinga macho hulala usiku macho yakimchoma kama yametiwa mchanga, na madhara hayo yakijirudiarudia huweza kumharibia uwezo wa kuona. Mzazi asiyeuliza habari za miwani, glovu na viatu vigumu amemkabidhi mwanawe kwa bahati.

Na binti naye aulizwe anapenda nini. Tumezoea kumwelekeza kwenye cherehani na saluni, ilhali kusuka nyaya za mota, kuendesha mashine ya kukerezea vyuma au kusoma ramani ya umeme wa kiwandani ni kazi za mkono makini na kichwa kilichotulia, na hivyo anavyo.

Mtoto anayetaka udaktari asome udaktari. Anayetaka mitambo apewe baraka zilezile na ada kwa moyo uleule, na wageni wanapokuja nyumbani atajwe kwa fahari ileile anayotajwa nayo ndugu yake wa chuo kikuu. Mzazi akifanya ubaguzi katika hayo, mtoto atakwenda nao kazini, na kazi inayofanywa na mtu anayeionea haya haiwi nzuri.