Kuaminiana Si Kutoulizana

Tumeoana miaka kumi na tisa, na haya tunayaandika pamoja, kwa sababu kila mmoja wetu akiyaandika peke yake atajitetea.

Jioni moja, hapa Tabora, mke alichukua simu ya mume ili anunue umeme. Kati ya programu alizozizoea aliona alama moja ngeni, yenye jina ambalo hakuwahi kulisikia. Aliigusa, ikadai namba ya siri. Akairudisha simu mezani, akatenga chakula, wala hakusema neno. Usiku ule hakulala. Kabla ya mapambazuko alikuwa ameshamjua huyo mwanamke, mahali wanapokutana na tangu lini, yote kutokana na alama ndogo kuliko ukucha.

Wiki mbili tuliishi hivyo. Mke alihesabu dakika ambazo mume alichelewa kurudi. Mume alipopigiwa simu alitoka nje, akaongea kwa sauti ya chini karibu na ukuta wa jirani. Jumapili tulisimama kwaya moja, tukaimba.

Hatimaye mke aliuliza: "Mume wangu, ile programu ni ya nini?" Mume alinyamaza kitambo, kisha akaifungua. Ilikuwa ya mikopo. Alikopa ili kulipa ada ya mtoto, riba ikapanda, akakopa kwingine ili kulipa deni la kwanza. Waliokuwa wakimpigia ni wadai, wakitishia kutangaza deni lake kwa kila mtu aliyemo kwenye simu yake, mchungaji akiwamo. Si sisi peke yetu tuliopita hapo. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali.

Je, ni nani kati yetu aliyekosa? Mke alikosea kuhusu jambo lenyewe, lakini hakukosea kwamba kulikuwa na jambo. Mume hakuzini, lakini alificha. Alisema alificha ili asimtie mwenzake hofu. Tumelipima neno hilo mara nyingi, na tunaona ni kweli nusu. Nusu ya pili ni kwamba hakutaka mkewe amwone ameshindwa.

Tangu hapo tumeifikiria sana njia iliyopita katika mji huu wetu, ile ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji. Njia ile ilikuwa na namna mbili za kuhakikisha kwamba mtu hapotei. Mateka walifungwa minyororo shingoni na kulindwa usiku na mchana, kwa sababu aliyewachukua alijua kwamba hawakumpa neno lolote. Lakini njia hiyo hiyo walipita pia Chuma na Susi na wenzao, mwaka 1873, wakiwa wamebeba mwili wa David Livingstone na karatasi zake. Mkubwa wao alikuwa amekufa, na hapakuwa na wa kuwasimamia. Walipofika hapa Unyanyembe, Mwingereza Cameron aliwashauri wamzike hapa hapa. Wakakataa, wakaendelea hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Hakuna mnyororo ungeweza kuwafanya wautimize mwendo ule.

Baada ya mambo kufichuka, mume alimpa mke namba zote za siri. Miezi mitatu mke alikagua simu kila usiku. Hakuona kitu, wala hakupata amani, maana simu safi ya leo haikumwambia lolote kuhusu kesho. Ndipo tulipoona kwamba tulikuwa tumeanza kuishi kwa mnyororo, mmoja akiwa mfungwa na mwingine mlinzi, na wote wawili hatulali.

Hatusemi basi kwamba mwenye imani anyamaze. Katika Yoshua sura ya 22, makabila yaliyokaa ng'ambo ya Yordani yalijenga madhabahu kubwa. Ndugu zao waliposikia walidhani ni uasi, wakakusanyika Shilo tayari kwa vita. Lakini kabla ya kuvuka walimtuma Finehasi na wakuu kumi wakaulize. Walisema wazi hofu yao, kisha wakakaa kusikiliza jibu. Kumbe madhabahu ile haikuwa ya sadaka. Ilikuwa ushahidi, ili watoto wao wasije wakaambiwa siku moja kwamba hawana sehemu katika Bwana. Vita ikafa kwa sababu swali lilitangulia hukumu. Nasi twaona jambo jingine humo: waliojenga wangetuma habari kabla ya kujenga, ndugu zao wasingekusanyika kwa vita.

Ndugu msomaji, labda wewe uliuliza na jibu likawa lile uliloliogopa, au ukajibiwa kwa uongo, au kwa kofi. Hatutakuambia uvumilie tu. Kuamini hakumaanishi kujifanya huoni. Nenda kwa mzee wa kanisa au kwa mtu mwenye busara unayemwamini, na kama uhai wako uko hatarini, ondoka kwanza. Sisi tunazungumza na wale ambao bado wana mwenzi anayeweza kuulizwa, lakini wamechagua kuulizana na giza.

Namba za siri bado tunazijua. Mke ameacha kukagua, na mume ameacha kutoka nje simu inapolia. Ijumaa jioni tunakaa mezani na daftari la mapato na matumizi, na kila mmoja anataja jambo moja ambalo mwenzake hajaliuliza. Mara nyingine ni dogo, mara nyingine linaumiza. Deni lenyewe halijaisha. Tunalilipa wawili.