Je, Mali Huleta Furaha?



Masomo yetu: Luka 12:13-21 na Wafilipi 4:10-18.

Katika Luka, mtu mmoja anamwomba Yesu amwamuru ndugu yake agawane naye urithi. Yesu anakataa kuwa mgawanyaji wao. Anawaonya watu juu ya choyo, kisha anatoa mfano wa tajiri aliyevuna sana, akapanga kujenga ghala kubwa zaidi, na usiku uleule akatakiwa roho yake.

Soma tena polepole, uone tajiri huyo anazungumza na nani. Anajiuliza mwenyewe na kujijibu mwenyewe: mavuno yangu, ghala zangu, nafsi yangu. Hamtaji mke, jirani, kibarua aliyevuna, wala Mungu aliyeleta mvua. Yesu hamlaumu kwa kulima vizuri. Upumbavu wake ni kutafuta furaha ya kukaa nayo peke yake.

Sisi tunalielewa neno hili. Wengi wetu tulivuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996 na 1998, tukaacha nyumba, mifugo, mashamba ya mihogo na michikichi. Nyumba ya bati haikuingia mtumbwini. Watoto waliingia.

Lakini tusidanganyane. Mwenye njaa asiambiwe afurahie njaa yake. Sufuria tupu haimtukuzi Mungu, na mama aliyekosa sabuni asione aibu kuomba. Mtume Paulo, akiwa kifungoni, aliandika kwamba amejifunza kuridhika akishiba na akipungukiwa. Hata hivyo, katika barua hiyohiyo anawashukuru Wafilipi kwa msaada waliompelekea kwa mkono wa Epafrodito. Aliupokea. Ila anaeleza kwamba kilichomfurahisha ni wao kumkumbuka tena, na kwamba hakuwa akiitafuta zawadi yenyewe.

Ndugu zangu, hapa ndipo neno linatugusa. Siku hizi wengine wetu tunatumiwa pesa kwa simu na ndugu waliopelekwa Marekani, Kanada au Australia. Ni baraka. Lakini pesa hiyohiyo imeleta ugomvi majumbani: kaka hasemi na dada, mama anaficha, shemeji ananung'unika kwamba fulani alipewa zaidi. Na yule aliyetuma, anayefanya kazi usiku na kulala mchana, husikia sauti zetu siku tunapoomba tu. Tumemgeuza ndugu yetu kuwa ghala.

Basi wiki hii tufanye mambo matatu:

1. Mpigie ndugu aliye mbali, umsalimu, uulize afya yake na watoto, muombe pamoja, kisha ukate simu bila kuomba chochote.

2. Pesa ikifika, iwekwe wazi mbele ya jamaa, mpange pamoja ya chakula, ya dawa na ya shule.

3. Kama mgao wako umetosha hata kidogo, mtazame jirani ambaye hana mtu wa kumtumia. Sahani moja ya ugali na maharage inaweza kumwambia kwamba hajasahauliwa.

Na wewe usiye na ndugu ng'ambo, usijione umeachwa. Waamini wa kwanza, katika Matendo 2:46, walikula pamoja nyumba kwa nyumba kwa furaha, kwa kuwa waligawana walivyokuwa navyo. Furaha hiyo haingoji safari wala bahasha. Inaweza kuanza jioni hii, jikoni kwako.

Mungu awabariki. Amina.