Je, Yafaa Baba Alazimishwe na Sharia Kumchanja Mwanawe?

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyeumba maradhi akaumba na dawa yake. Na rehema na amani zimshukie bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba wake wote.

Ama baada ya hayo. Imetufikia barua ya ndugu yetu mmoja katika Waislamu wa Kaagya, nayo ni kata katika Wilaya ya Bukoba, mkoa wa Kagera, upande wa magharibi wa Ziwa Viktoria. Asema kwamba mwanawe wa kwanza alipochomwa sindano ya chanjo alipata homa na uvimbe wa paja siku mbili, na mamake akakesha naye akilia. Sasa amezaliwa wa pili, naye baba hataki kumpeleka. Naye aambiwa kuwa ni lazima kwa sharia ya nchi. Basi atuuliza: "Mtoto huyu nimepewa na Mungu, sikupewa na serikali. Ni nani mwenye haki ya kunilazimisha?"

Ndugu zetu wa pwani, msidhani kuwa swali hili ni la watu wa bara peke yao. Husemwa vilevile barazani Mombasa na Tanga na Unguja, baada ya sala ya alasiri, na kila mtu hulijibu kwa moyo wake. Tumeona ni kheri tulijibu kwa chapa, tulipime kwa akili na kwa dini.

Jueni kwamba ndani ya swali hili mna maswali matatu, na mwenye kuyachanganya hapati jawabu. La kwanza: je, kujikinga na maradhi kabla hayajafika ni kinyume cha kumtegemea Mungu? La pili: je, mtoto ni mali ya babake? La tatu: je, mtawala ana haki ya kuingia kati ya baba na mwanawe, na kama anayo, mpaka wake ni wapi?

Ama la kwanza, jawabu lake ni jepesi. Sayyidna Umar, Mungu amridhie, alikuwa safarini kwenda Sham akapata khabari kuwa tauni imeingia huko. Akataka shauri la watu, kisha akaazimia kurejea Madina. Abu Ubaida akamuuliza, je, aikimbia kadari ya Mungu? Umar akamjibu kwamba aiacha kadari moja ya Mungu na kuiendea nyingine iliyo yake vilevile. Ndipo Abdur-Rahman bin Auf akatoa hadithi ya Mtume, ya kwamba nchi yenye tauni isiingiwe, na aliye ndani yake asitoke kwa kuikimbia.

Itazameni vyema sehemu ya pili ya hadithi hiyo. Aliyekatazwa kutoka, amekatazwa kwa faida ya nani? Yeye mwenyewe pengine angetaka kwenda zake. Katika hekima ya katazo hilo mna faida ya jirani asiyemjua, katika mji asioujua, asije akapelekewa mauti. Basi dini yetu tangu zamani imemwekea mtu mpaka katika mwendo wa mwili wake kwa ajili ya mwili wa mwenziwe.

Wala asiseme mtu kwamba chanjo ni jambo la Wazungu tu. Tabibu wetu ar-Razi ndiye aliyeandika kitabu cha kupambanua ndui na surua zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Na kuwachanja watu ndui kulikuwa desturi Istanbul kabla ya Uingereza kukujua. Mwaka 1718 mke wa balozi wa Kiingereza, Lady Mary Wortley Montagu, alimchanja mwanawe huko, kisha akaipeleka khabari kwao. Mwaka 1796 daktari Edward Jenner akaona njia iliyo salama zaidi, kwa kutumia ndui ya ng'ombe. Na maana ya chanjo ni hii: kuuonyesha mwili sura ya adui aliye dhaifu au aliyekwisha kufa, ili ajapo adui mwenyewe aukute umejifunza vita.

Ama swali la pili, mtoto ni amana. Si shamba wala si ng'ombe. Baba hana ruhusa kumuuza, wala kumlemaza, wala kumnyima chakula. Akimnyima chakula naye anacho, Kadhi humwita akamlazimisha kutoa, wala hatumsikii mtu akisema kwamba Kadhi ameingilia nyumba ya watu. Basi aliyekubali baba alazimishwe kwa chakula na nguo, ana hoja gani ya kukataa alazimishwe kwa kinga ya mauti? Mtoto aliyepooza mguu kwa polio atakwenda kwa gongo miaka sitini, kwa sababu babake aliogopa homa ya siku mbili. Homa hiyo ni kweli, nasi hatuikanushi. Lakini si haki kuziweka siku mbili na miaka sitini katika mizani moja.

Na hapa tuwape kisa cha mtu wa pwani. Merka ni mji wa Banadir, na watu wake ni ndugu zetu kwa dini na kwa bahari. Mwaka 1977 alikuwako huko kijana wa miaka 23, Ali Maow Maalin, mpishi katika hospitali ya mji. Wachanjaji wa ndui walikuwa wamefika, lakini yeye akaepuka, kwa kuwa aliogopa maumivu ya sindano. Mwezi wa Oktoba likapita gari lenye watoto wawili wagonjwa wa ndui, dereva haijui nyumba ya kuwatenga. Ali akapanda akawaonyesha njia, mwendo wa dakika chache tu. Ulikuwa wema, na kwa wema huo akaambukizwa. Ikabidi mji uzungukwe, na watu zaidi ya 50,000 wachanjwe katika majuma mawili, kwa khofu ya mtu mmoja. Mungu akamponya, wala hapana aliyeipata kwake. Yeye akawa mtu wa mwisho duniani kupata ndui kwa njia yake ya kawaida, maradhi ambayo katika karne ya 20 pekee yakisiwa kuwa yaliua watu milioni 300. Mwaka 1980 ikatangazwa kuwa ndui imekwisha ulimwenguni. Ali mwenyewe baadaye alijiunga na wachanjaji wa polio, akawa akiwasimulia wazazi kosa lake, mpaka akafa mwaka 2013 akiwa katika kazi hiyo.

Ndugu zangu, Ali hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga wa sindano, kama tulivyo wengi wetu. Lakini yeye alikuwa mtu mzima, akajichagulia mwenyewe. Mtoto wa Kaagya hakuchagua kitu. Khofu ni ya babake, na khatari ni yake.

Sasa twaja katika swali la tatu, nalo ndilo zito. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipiga mfano ambao sisi watu wa vyombo yatupasa kuufahamu kuliko wengine. Watu walipanda jahazi, wakapiga kura, wengine wakapata juu na wengine chini. Walio chini walipotaka maji ilikuwa lazima wapite kwa walio juu. Wakasema, je, si bora tutoboe katika fungu letu tusiwaudhi wenzetu? Basi walio juu wakiwaacha, wote huzama; na wakiwashika mikono, wote huokoka.

Yule aliye chini hakusema uwongo aliposema kuwa fungu ni lake. Ni lake kweli. Kosa lake ni kudhani kuwa maji yatajua mpaka wa fungu lake. Na ndugu yetu wa Kaagya aujua mfano huu katika kibanja chake mwenyewe. Mnyauko wa migomba ulipoingia Muleba mwaka 2006, wenye vibanja waliagizwa kung'oa migomba iliyougua na kutia moto visu vyao, kwa kuwa mgomba mmoja ulioachwa huharibu vibanja vya jirani. Je, mwana wa Adamu ni duni kuliko mgomba?

Akisema msemaji: "Aliyechanjwa amekwisha kukingika, basi asiyechanjwa amdhuru nani?" Tutamjibu: awadhuru wasioweza kukingwa. Chanjo ya surua hupewa mtoto Tanzania atimizapo miezi tisa, na mara ya pili miezi kumi na minane. Mtoto wa miezi mitano hana ngao illa watu waliomzunguka. Kadhalika wako wagonjwa ambao chanjo haiwafai, na wachache waliochanjwa mwili usishike. Na surua ni nyepesi kuenea hata matabibu wasema kwamba haisimami mpaka watu kama 95 katika kila 100 wawe wamekingika. Basi shimo la mmoja laweza kufichika. Mashimo kumi hulizamisha jahazi.

Akisema: "Ndani ya baadhi ya chanjo mna kitu kitokacho kwa nguruwe," tutamjibu kwamba wanachuoni na matabibu walikutana Kuwait mwaka 1995 wakalitazama jambo hilo, wakasema kuwa kitu kilichogeuka asili yake kikawa kitu kingine, hukumu yake nayo hugeuka. Na Baraza la Fikihi la nchi za Kiislamu, katika kikao chake cha Jedda mwaka 1992, lilisema kuwa mtawala ana haki ya kulazimisha tiba katika baadhi ya hali, likataja maradhi ya kuambukiza na chanjo za kinga.

Akisema: "Serikali na madaktari wao walikwisha kutudhuru," hapa hatumjibu kwa ukali, kwa kuwa asema kweli. Katika ziwa hilohilo la Bukoba, kwenye visiwa vya Sese, daktari mkubwa wa Kijerumani Robert Koch aliwatibu wagonjwa wa malale mwaka 1906 na 1907 kwa dawa iitwayo atoksili, akazidisha kipimo, na watu 22 wakapofuka macho. Na katika zama zetu, chanjo ya polio ya matone, ambayo virusi vyake vi hai japo vimedhoofishwa, ikizunguka muda mrefu katika watu wengi wasiochanjwa, yaweza kugeuka ikapoozesha. Polio ya namna hiyo ilionekana Rukwa mwaka 2023, na mwezi wa Septemba watoto wa mikoa sita, Kagera ikiwa mmojawapo, wakapewa matone mapya. Tumelitaja jambo hili wazi, kwani kuwaficha watu kweli ndogo huwafanya wasisadiki kweli kubwa. Nalo likitazamwa vyema si hoja ya kuacha chanjo. Ni hoja ya kutomwacha mtoto yeyote nje yake, kwa kuwa virusi hivyo hugeukia kwa wasiochanjwa.

Kwa hayo yote twasema: naam, mtawala ana haki ya kuamrisha. Na Sharia ya Mtoto ya Tanzania Bara, Na. 21 ya mwaka 2009, imekwisha kuihesabu chanjo katika matibabu yampasayo mzazi kumpa mwanawe.

Walakini rejeeni katika jahazi. Kwa nini wale wa chini walitaka kutoboa? Hawakuwa waasi, walikuwa na kiu, na njia ya maji ilikuwa taabu. Basi aliye juu ana wajibu wa kuushika mkono unaotoboa, na ana wajibu wa kuyafikisha maji chini. Muleba ina visiwa, kama Bumbiire na Goziba, na mama wa kisiwani akikosa zahanati karibu hana budi kupanda mtumbwi na kitoto mgongoni. Kumtoza faini mama huyo kabla ya kumpelekea dawa ni dhuluma, ijapokuwa imeandikwa katika kitabu cha sharia.

Kwa hiyo sharia hii ina masharti yake. Dawa ifike karibu na isilipiwe. Mganga aseme madhara madogo kabla ya sindano, asingoje baba ayaone mwenyewe usiku. Mtoto mwenye udhuru wa ugonjwa aachwe. Mtoto asiyechanjwa asifukuzwe chuoni wala skuli, bali achanjwe pale pale mlangoni, maana kumfukuza ni kumwadhibu mara mbili kwa kosa la babake. Na adhabu iwe ya mwisho, imwangukie mwenye kukataa kwa ukaidi. Waingereza walilazimisha kwa faini tangu mwaka 1853 bila ya kuwaridhisha watu. Uadui ukakua hata mwaka 1898 wakatoa ruhusa ya kukataa. Nguvu isiyotanguliwa na maneno mema huzaa ukaidi.

Na wewe ndugu yetu wa Kaagya, kumbuka mwezi wa Machi mwaka 2023, maradhi ya Marburg yalipotokea Bukoba. Hayakuwa na chanjo. Watu tisa waliugua, sita wakafa, na zaidi ya mia mbili wakawekwa chini ya uangalizi siku nyingi kwa kuwa waliwagusa au kuwakaribia wagonjwa. Maradhi yasipokuwa na kinga, sharia huingia mpaka kitandani mwa mgonjwa na kaburini. Basi yale yenye kinga, sharia yataka tone la ulimini na sindano ya pajani. Hiyo ndiyo lazima iliyo nyepesi.

Mpeleke mwanao. Mwulize mganga maswali yako yote, nawe una haki ya kujibiwa. Na usiku wa homa, usimwachie mamake kukesha peke yake. Mpokee mtoto nawe ukeshe, kwani amana mmepewa wawili.

Mungu awahifadhi watoto wetu, na awaongoze wenye kutawala katika uadilifu. Wallahu aalam.