Chungu cha Rebeka

Sura ya 27 ya Mwanzo nimeisikia ikihubiriwa mara nyingi, na karibu kila mara lawama humwendea Yakobo kwa uongo wake, au Esau kwa uzembe wake. Rebeka hutajwa kama mama aliyempendelea mtoto mmoja, basi. Sijasikia mhubiri aliyefunua chungu akatazama ndani, na humo ndimo jambo lenyewe lilimofanyika. Isaka alitamani nyama ya mwituni. Rebeka akapika wana-mbuzi wawili wa zizini, akawaunga kwa namna aliyoijua yeye, mzee akala akiamini ni windo la mwanawe mkubwa. Na Isaka hakuwa mtu wa kudanganywa kirahisi: sauti aliishuku, mikono akaipapasa, nguo akazinusa. Alishuku kila kitu isipokuwa alichokimeza.

Kabla ya hapo Yakobo alikuwa ameogopa laana, na mama yake akamwambia laana hiyo aibebe yeye. Ninafundisha somo la dini katika shule ya sekondari hapa Itebero, Walikale, mashariki mwa Kongo, na nikifika mahali hapo huwauliza wanafunzi: alijuaje kwamba ni yake? Wavulana hujibu kwamba alisema tu kama mama. Wasichana hukaa kimya kidogo. Wengi wao wamekwisha kupikia nyumba nzima.

Swali hilo hunirudia kila bonane, sikukuu ya mwaka mpya, kwa sababu siku hiyo ninapika mkate wa nyama. Mama yangu alijifunza kwa masista, katika zile fwaye sosiyali za kufundishia wanawake kushona, kulea na kupika. Ile ya Usumbura ilianza 1946, na nyingine zikaenea mijini wakati wa Wabelgiji na kuendelea baada yao. Masista walikuwa na joko la chuma na mashine ya kusagia nyama. Mimi nina visu viwili, kibao cha mti mgumu na mkaa. Nyama ya ng'ombe naiondoa mishipa na ule utando mweupe, naikata vipande, kisha visu vinapishana juu ya kibao mpaka nyama inaacha kuruka na kuanza kulala. Hapo ndipo natia kitunguu nilichokaanga kidogo katika mawese, seleri, nyanya moja isiyo na maji mengi, yai, chumvi, na mkate wa juzi uliolowekwa ukakamuliwa. Nakanda mpaka unanata. Nafunga katika jani la mgomba lililopitishwa motoni likalainika, naweka ndani ya sufuria ndogo, na hiyo ndogo ndani ya kubwa yenye mchanga, makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Masista walisema ichomwe kisu, maji yakitoka bila wekundu imeiva. Ushauri huo ni wa watu wasiotumia mawese, maana mawese hutia maji wekundu hata nyama ikiwa imeiva. Mimi nachoma kisu katikati, nakigusisha kwenye mdomo: kikiwa cha moto ncha hadi katikati, naondoa makaa.

Mapishi haya yana faida ambayo kuku hana. Kuku ana firigisi, na firigisi ina mwenyewe. Paja lina mgeni wake, shingo na miguu wanajua watoto kwamba ni vyao, na mwanamke aliyepika hupata kilichosahauliwa. Mkate wa nyama hukatwa vipande vinavyofanana. Mama mkwe wangu haupendi kwa sababu hiyohiyo. Anasema ni chakula kisichojua kusalimia wakubwa. Anao ukweli wake. Nyama ikikatwakatwa namna ile hupoteza vyeo. Lakini hupoteza pia jina, na hapo ndipo taabu yangu inapoanzia.

Maana tazama wanaoketi kwangu siku ile. Mama mkwe ni Mkatoliki, anakula vyote. Wifi yangu ni Mwadventista, anashika Mambo ya Walawi sura ya 11 kuhusu nguruwe na wengine. Baba mdogo wa mume wangu ni Mkimbangu. Kanisa lao linakataza nguruwe, linakataza na kima. Mume wa mdogo wangu ni Mwislamu wa kutoka Kindu, anauza chumvi na sabuni, na yeye haulizi mnyama tu, anauliza na mkono uliomchinja. Kila mmoja ana mpaka wake, na mipaka yote inapita katikati ya sufuria moja. Mbele ya paja la kuku kila mtu anajionea mwenyewe. Mbele ya kipande cha mkate wa nyama hakuna anayeona chochote. Wananitazama mimi.

Mwaka mmoja nyama haikutosha. Ng'ombe si wa msitu huu. Huletwa kutoka nyanda za juu, Masisi na huko, na bei yake inapanda pamoja na matope ya barabara. Jirani mmoja akaja na kikapu cha nyama ya pori iliyokaushwa kwa moshi, vipande vyeusi visivyo na kichwa wala ngozi, bei nzuri. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alikuwa likizo kutoka masomo ya teolojia. Akaniambia, "Mama, changanya tu. Utaikatakata, nani atajua?" Nilipomtazama akafungua Biblia. Mtume Paulo, 1 Wakorintho 10: kinachouzwa sokoni kileni, msiulizeulize kwa ajili ya dhamiri. Baba mdogo asipojua, hana dhambi. Na kwa kweli hata Mwislamu atakwambia kwamba aliyekula kilichokatazwa bila kujua hahesabiwi kosa. Basi, akasema shemeji, kutojua kwao kutawalinda wote, na sisi tutakuwa na nyama ya kutosha.

Ni hoja nzuri, na ndiyo sababu inanichukiza. Lakini Paulo aliandika kwa nani? Korintho ya miaka ya 50 ilikuwa mji wa mahekalu, na sehemu ya nyama iliyofika buchani ilikuwa imepita kwanza madhabahuni. Mkristo maskini aliyepata kipande hakuwa na njia ya kujua kilitoka wapi. Kumwambia achunguze kila mfupa kungekuwa kumfunga njaa. Paulo akamfungulia: kula, dunia ni ya Bwana. Akamwambia hata akialikwa mezani kwa asiyeamini, ale atakachowekewa. Ruhusa hiyo ni ya mnunuzi na ya mgeni. Nimezisoma sura ya 8, ya 9 na ya 10 nikimtafuta mwenye nyumba, yule aliyekwenda hekaluni, akajua ni fahali gani na wa mungu gani, kisha akapakua kimya. Paulo hakumpa ruhusa yoyote. Aliyemtaja ni mtu mwingine kabisa: yule anayemwambia mgeni kwamba kitu hiki kimetolewa sadaka. Mtu huyo akisema, mgeni aache kula. Kwa hiyo hata Paulo alidhani kwamba mezani kuna anayejua, na kwamba anayejua ana kinywa.

Nilimjibu shemeji hivyo, kwa maneno machache zaidi kwa kuwa mkaa ulikuwa unaisha. Usafi wa baba mdogo, nikasema, haukai hewani. Anaweza kula bila kuuliza kwa sababu ameniwekea mimi kazi ya kuuliza. Nikiacha kuuliza, hakuna tena imani yake pale. Kuna ujinga wake tu, na mimi nimeutumia. Shemeji akasema hiyo ni sheria, si neema. Nikamwambia neema aliyoitaja ni ya kupewa mtu, si ya kumtolea mtu bila yeye kujua.

Na kikapu chenyewe kilikuwa na maswali yake. Wanyama wengi wa hapa hunaswa kwa waya. Mzee mmoja wa kanisa letu hali nyama ya mtego wa waya hata akiwa na njaa, kwa sababu Matendo 15 imekataza kilichonyongwa, na waya hunyonga. Wengine humcheka. Mimi simcheki, ni mmoja wa wachache hapa wanaojua mnyama wao alikufaje. Halafu kuna lililo zito zaidi. Msitu wetu umepakana na Hifadhi ya Kahuzi-Biega, ile iliyoundwa 1970 ikapanuliwa 1975 kushuka huku kwenye nchi ya chini, ikaingizwa katika urithi wa dunia 1980 na katika orodha ya urithi ulio hatarini 1997. Watafiti wa Kijapani kina Juichi Yamagiwa walifuata gorila katika misitu ya Itebero na Utu, wakiandika wanakula matunda gani na majani gani. Gorila hao hawapatikani popote duniani isipokuwa mashariki mwa Kongo. Kabla ya vita vya miaka ya 1990 walikadiriwa kuwa 17,000. Hesabu ya 2016 ikasema 3,800. Ya 2021, kwa eneo pana zaidi, ikapandisha hadi 6,800. Sehemu kubwa ya waliopungua waliliwa, hasa machimboni, ambako watu wengi wanahitaji nyama na hakuna shamba. Sheria ya uwindaji ya 1982 inamlinda gorila. Lakini kipande cheusi kikapuni hakisemi kilikuwa nani, na sheria haiwezi kukisemea. Sidai kwamba jirani alileta gorila. Ninasema hakuweza kuniapia kwamba hakuleta.

Mwaka 2019 Ebola ilipofika Pinga, ndani ya Walikale yetu hii, ghafla kila mtu alianza kuuliza. Nyama gani? Nani aliikamata? Ilikufa yenyewe au iliuawa? Maswali ambayo dhamiri ilikuwa imeyaomba kwa miaka, hofu iliyapata kwa wiki moja. Ugonjwa ulipokwisha, nayo yakaisha.

Wanyanga, wenyeji wa msitu huu, wana simulizi inayolijua jambo hili kuliko makala za wasomi. Ni ile ya Mwindo, kama ilivyosimuliwa na She-Karisi Rureke mwaka 1956, ikachapishwa 1969 na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene. Yote yanaanza na hamu ya nyama: Mwindo anatamani nguruwe mwitu, anatuma wawindaji, nao wanamezwa na Kirimu, dude la msituni. Mwindo anamuua Kirimu, anamletesha kijijini, anaamuru akatwekatwe. Nyama inapowekwa motoni, harufu inapanda mpaka kwa Nkuba, mwenye radi, ambaye alikuwa rafiki wa Kirimu. Hapo sikia: kijiji kizima kilikuwa kazini, wenye visu, wenye kuni, wenye midomo. Anayechukuliwa kwenda juu ni Mwindo peke yake, akateswe kwa baridi na jua, na anarudishwa akiwa amekatazwa kuua tena mnyama. Nkuba hakuwafuata waliokula. Alimfuata aliyejua.

Kuna kitu kingine katika harufu ile. Katakata utakavyo, funga kwa jani utakalo, moto una tabia ya kutangaza.

Siku ile nilimrudishia jirani kikapu na kununua mikate mingine miwili. Mkate wa nyama ulikuwa mkate zaidi kuliko nyama, nao ulikatika vizuri, kwa kweli kuliko kawaida. Tangu hapo nimejiwekea desturi. Kabla ya sala nasimama nikataja vilivyomo: ng'ombe, aliyechinjwa na fulani ambaye ni Mwislamu, mayai ya kuku wangu, mkate, kitunguu, seleri, mawese, chumvi. Mara ya kwanza watoto walicheka. Mama mkwe aliuliza kama siku hizi chakula nacho kinasomewa wasifu. Baba mdogo hakucheka. Alivuta sahani karibu, akala bila kuinua macho, kama mtu aliyekaa kwake.

Nilidhani nimemaliza. Wifi yangu ndiye aliyenifungulia upya. Alinisikiliza mpaka chumvi, akauliza, "Na kyubu?" Nilikuwa nimetia kyubu mbili za supu, kama kila mpishi wa Kivu nimjuaye, zinauzwa mojamoja dukani, zimefungwa vizuri, na maandishi yake ni madogo kuliko nzi. Nilisoma kwa sauti mpaka nikafika kwenye neno mafuta, mafuta ya nini halikusema. Akauliza tena: mnyama au mmea? Nikabaki na karatasi mkononi. Kwa kyubu ile mimi nilikuwa mlaji kama wao. Kulikuwa na mpishi mwingine kabla yangu, katika kiwanda fulani nisichokijua, na yeye hakusimama kabla ya sala. Je, ruhusa ya Paulo ilinihusu sasa, kwa kuwa nami nilinunua sokoni? Shemeji mwanateolojia aliinua uso kwa furaha, nikamzuia kwa kidole. Mnunuzi ninakuwa nikijipikia. Nikiwapikia saba na watoto, sijui kama naweza kuwa mnunuzi na mpishi kwa saa moja. Mpaka leo sijalipatia jibu linaloniridhisha, na darasani nimelitoa kama swali la mtihani.

Wifi hakula siku ile, alikula sombe na wali, na hatukugombana. Bonane iliyofuata niliacha kyubu, nikazidisha seleri na kitunguu na kukausha uyoga kidogo wa msituni nikautwanga ndani. Alikula vipande viwili. Kisha akasema chakula kimepungua ladha.