JE, UFAGIO UNAWEZA KURUKA?



Mpendwa msomaji, karatasi hii haijafika mkononi mwako kwa bahati. Usiitupe wala usiifungie karanga. Isome mpaka mwisho, halafu mpe jirani.

Nina swali dogo tu. Umewahi kuona kwa macho yako ufagio unapaa angani? Mimi sijaona. Lakini watoto wetu wanauona kila siku kwenye televisheni na kwenye simu. Mchawi anapanda ufagio, anaruka juu ya mapaa ya nyumba, watoto wanapiga makofi. Sisi huku tumekua tukisikia wachawi wanasafiri kwa ungo. Wazungu wao ni ufagio. Chombo ni tofauti, hadithi ni ile ile!

HADITHI HII IMETOKA WAPI?

Si ya jana. Huko Ufaransa kuna kitabu cha kuandikwa kwa mkono, cha mwaka 1451 hivi. Pembeni wamechorwa wanawake wawili wanaruka, mmoja juu ya ufagio, mwingine juu ya fimbo. Mwaka 1939 Marekani walitoa sinema ya Wizard of Oz, na ndani yake yumo mchawi wa kike, uso wa kijani, ufagio mkononi. Mwaka 1997 mama mmoja wa Uingereza, J.K. Rowling, akatoa kitabu cha kwanza cha Harry Potter, kijana anayesomea uchawi shuleni na kucheza mpira juu ya ufagio. Vitabu hivyo vimeuzwa zaidi ya nakala milioni 500, kwa lugha zaidi ya 80. Ndugu yangu, hilo si jambo dogo!

BIBLIA INASEMAJE?

Soma Kumbukumbu la Torati 18:10-12. Mungu anakataza uganga, uchawi, kupiga bao na kuomba kwa wafu. Soma na Wagalatia 5:19-21. Uchawi umewekwa fungu moja na uasherati, wivu, hasira na ulevi. Mungu hafanyi mchezo na jambo hili.

Lakini nisikilize vizuri. Sisemi mtoto aliyesoma kitabu hicho amekuwa mchawi. Hapana! Hadithi ni ya kutungwa, na ufagio wa kutungwa haumbebi mtu. Hatari iko kwenye tamaa. Moyo unaanza kusema, "Laiti na mimi ningekuwa na nguvu ya kumwamuru kila mtu." Simoni wa Samaria alikuwa na tamaa hiyo hiyo, hata akatoa fedha ili anunue nguvu za Roho Mtakatifu (Matendo 8:18-23). Petro alimkemea, akamwambia atubu. Mtu anayetaka nguvu bila kumtaka Mungu, huyo ameshapanda ufagio hata kama miguu iko chini.

Kwa hiyo mzazi, usimpige mtoto. Kaa naye. Muulize, "Umependa nini humo?" Halafu mfundishe. Wale wa Efeso waliochoma vitabu vya uganga vyenye thamani ya vipande 50,000 vya fedha (Matendo 19:19) walileta vya kwao wenyewe. Hawakuvamia nyumba ya mtu!

USHUHUDA WANGU

Sasa nieleze kitu ambacho kwa miaka mingi nilikuwa naona aibu kukisema.

Nilikuwa na bibi, mama yake baba. Alinilea. Macho yake yalikuwa mekundu kwa ajili ya moshi, maana alipikia kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, kuni zilikuwa shida. Mwaka mmoja watoto wawili wa jirani walikufa kwa homa. Watu wakaanza kunong'ona: "Yule bibi macho mekundu, usiku anapaa na ungo."

Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja. Nililala chumba kimoja na bibi kila usiku. Nilimsikia akikoroma mpaka asubuhi. Nilijua hakwenda po pote! Lakini wenzangu waliponiuliza, "Eti bibi yako anaruka?" nikajibu, "Ndiyo, nimemwona." Nilitaka wanipende. Nilitunga hadithi.

Siku ya tatu walikuja na mawe na moto. Bibi alitoka kwa mlango wa nyuma, peku, na kanga moja. Nyumba ikaungua. Akaenda kuishi kwa dada yake, mbali. Miaka kumi na minne baadaye, nimeshaokoka, Roho Mtakatifu hakuniacha nilale. Nikasafiri, nikamkuta amekuwa kipofu. Nikapiga magoti, nikasema, "Bibi, ni mimi niliyesema." Akanishika kichwa, akasema, "Mjukuu wangu, nilijua tangu siku ile. Umekula?"

Haleluya! Siku ile nilielewa msalaba kuliko mahubiri yote niliyowahi kusikia.

HADITHI INAWEZA KUUA

Nilikuja kujua kwamba hata kwa Wazungu, katika hadithi za ndugu wawili wa Ujerumani, Grimm, yumo mchawi wa msituni, bibi kizee mwenye macho mekundu. Macho mekundu tena! Na huko Ulaya, karne ya 15 mpaka ya 18, watu kama 40,000 mpaka 60,000 waliuawa kwa kuitwa wachawi, wengi wao wanawake. Kule Salem, Marekani, mwaka 1692, watu 19 walinyongwa. Wauaji nao walikuwa na Biblia mkononi! Lakini Biblia inataka mashahidi wawili au watatu (Kumbukumbu la Torati 19:15), tena inakataza kumshuhudia jirani uongo. Ukimwita mama wa watu mchawi kwa sababu ya macho yake, aliyetumiwa na shetani ni wewe.

UFAGIO WA KWELI

Biblia ina ufagio, umewahi kuuona? Luka 15:8. Mwanamke amepoteza shilingi moja. Anawasha taa, anafagia nyumba mpaka aipate. Ufagio ule haupai. Uko chini kwenye vumbi, unatafuta kilichopotea. Kilichopotea ni wewe!

Lakini angalia, kufagia peke yake hakutoshi. Mathayo 12:43-45 inasema pepo alirudi akakuta nyumba imefagiwa, imepambwa, ila ni TUPU. Akaingia na wenzake saba. Unaweza kuzima televisheni, ukachoma vitabu vyote, na moyo ukabaki mtupu. Mkaribishe Yesu aingie akae!

FANYA HIVI LEO

Kama una hirizi au dawa ya mganga, iache. Kama ulimsingizia mtu, nenda kwake kabla jua halijazama. Kama kuna bibi anayeogopwa hapo mtaani kwenu, mpelekee maji, kaa naye, kula chakula chake.

Kisha sali hivi kwa imani:

"Bwana Yesu, mimi ni mwenye dhambi. Nimeogopa wachawi kuliko nilivyokuogopa wewe. Nimesema uongo juu ya wenzangu. Nisamehe. Fagia moyo wangu, ukae ndani yangu, usiuache mtupu. Leo ninakupokea uwe Bwana wangu. Amina."

Kama umesali hivyo kwa kweli, umeokoka! Tafuta kanisa linalohubiri Neno, ueleze uliyotendewa. Bibi yangu alishalala katika Bwana. Bibi wa jirani yako bado yuko hai. Nenda.