MGENI NA ADUI

Kiingereza kina maneno mawili yanayowachanganya wanafunzi wengi: "hospitality", yaani ukarimu kwa wageni, na "hostility", yaani uadui. Kila mwalimu huwataka watoto wayatenge. Lakini tukiyafuata hadi kwao tutayakuta ni ndugu.

Yote mawili ni ya Kilatini. La kwanza latokana na "hospes", mgeni, na pia mwenyeji ampokeaye. La pili latokana na "hostis", adui. Lakini Cicero, wakili na mwandishi wa Kirumi aliyeuawa mwaka 43 K.K., alieleza kwamba zamani za babu zao "hostis" alikuwa mtu wa kutoka nje tu. Baadaye ndipo neno likageuka kuwa adui wa vita. Wataalamu wa lugha huona kwamba "hospes" nalo limejengwa juu ya shina lile lile. Kutoka kwa "hospes" sisi tumepata hoteli na hospitali. Kutoka kwa "hostis" Waingereza walipata "host" yenye maana ya jeshi. Ndiyo sababu katika Biblia yao Bwana wa majeshi huitwa "Lord of hosts", na mwanafunzi aweza kudhani ni Bwana wa wenye kukaribisha. (Si kosa baya sana!)

Basi, aliyesimama mlangoni ni mtu yule yule. Kilichobadilika ni jina alilopewa na wenye nyumba.

Kwetu Ngara jambo hili si la vitabuni. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu zaidi ya 150,000 walivuka kutoka Rwanda kwa daraja la Rusumo, kwa muda wa siku moja hivi, wakapiga kambi Benaco. Haukupita muda mrefu wakimbizi wakawazidi wenyeji wa wilaya kwa idadi. Mwanzoni walipokewa kwa huruma. Kisha miti ikakatwa, kuni zikawa mbali, mazao na mifugo vikaibwa, na neno "mgeni" likaanza kutamkwa kwa sauti nyingine. Desemba 1996 Serikali ikaagiza warudi kwao kabla ya mwaka kwisha. Warumi walihitaji karne kadhaa kuligeuza neno lao. Sisi ilitutosha miaka miwili na nusu.

Je, wenyeji walikosa upendo? Hatusemi hivyo. Katika umati ule walikuwamo wauaji pamoja na watoto wachanga, na mwenye nyumba ana haki ya kuuliza ni nani abishaye. Mahakama iliyoundwa na Umoja wa Mataifa mwezi Novemba 1994, ikawekwa Arusha, iliuliza hivyo: mtu mmoja mmoja, kwa jina lake na kwa tendo lake. Tunalolikataa ni umati mzima kupewa jina moja. Mtoto aliyezaliwa Benaco hakuiba mbuzi wa mtu.

Wengi hupenda kutaja mithali ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, wakitaka mgeni aondoke. Lakini mithali haisemi mfukuze. Yasema mpe jembe, na apewaye jembe hana budi kuonyeshwa pa kulima. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 ilimtaka mkimbizi akae katika eneo alilopangiwa. Huyo alime wapi? Hata hivyo wako wenyeji waliowapa Warundi wa kambi ya Lukole kibarua cha kupalilia migomba na maharage, kabla kambi ile haijafungwa. Hao hawakuhitaji kuchagua kati ya mgeni na adui. Walimwita mtu kwa jina lake, wakamwonyesha mpaka wa shamba.