Zamu ya Ufuoni

Usiku wa tatu pale Sori, ufuoni mwa ziwa, dada yangu alisema neno moja tu: "Warito." Kwa Kidholuo neno hilo lina maana mbili. Tunangoja. Tunalinda. Nilikuwa nimeketi naye mchangani, shuka moja mabegani mwetu, na sikuweza kujua ananiambia lipi kati ya hayo mawili.

Mwanawe alikuwa ametoka na wenzake kuvua omena. Omena huvuliwa usiku wa giza, kwa sababu mwezi ukiwaka hazikusanyiki kwenye taa. Upepo ukawakuta mbali na mtumbwi ukapinduka. Wenzake wawili walishikilia mtungi wa plastiki mpaka wakaokolewa alfajiri. Yeye hakuonekana. Basi ukoo mzima ukashuka ufuoni kungoja ziwa limrudishe. Usiku tuliziona taa za fuo nyingine huko mbali, zimejipanga juu ya maji kama mji, na kila moja ilitupa moyo na kutuvunja moyo.

Zaburi ya 130 inaanzia vilindini. Nimeihubiri mara nyingi, nikidhani vilindi ni mfano tu. Mbele kidogo mwimbaji anasema nafsi yake inamtazamia Bwana kupita walinzi wanavyoitazamia asubuhi, halafu hao walinzi na asubuhi yao anawataja tena palepale, kama mtu aliyeishiwa na maneno mengine. Zamani nilipita hapo haraka ili nifike kwenye ukombozi. Sasa nimekwama kwa walinzi.

Kwa nini walinzi? Angeweza kumtaja mgonjwa asiyepata usingizi, au msafiri. Lakini mlinzi anangoja akiwa kazini. Ana kitu mkononi mwake ambacho usiku unaweza kukiiba.

Kiswahili kinatupa kungoja na kusubiri. Kusubiri kumetoka kwa Waarabu, na kwao neno la saburi na jina la mshubiri ni ndugu, ule mmea mchungu ambao Waluo tunauita ogaka. Aliyeonja anaelewa. Hata "wait" ya Waingereza, ambayo vijana wetu wanaitamka kutwa, ilitokana na neno la Kifaransa cha kale lililokuwa na maana ya kukesha na kulinda. Wazungu wamelisahau hilo. Sisi wa Migori na Homa Bay hatuna haja ya kulichimbua, maana katika rito tunalisema kila siku.

Nililiona kwa macho yangu siku ya pili. Omena za mwisho alizovua kijana yule zilikuwa bado zimeanikwa kwenye wavu. Dada, ambaye hakuwa ametia kitu mdomoni tangu jana yake, aliinuka, akaokota kijiti, akaanza kuwafukuza yangeyange na kuku. Akazigeuza omena kwa kiganja, pole pole, upande huu na upande ule, zisioze chini. Hakuna aliyemwambia akae. Alifanya hivyo mpaka jua likazama.

Huko ndiko kumngoja Bwana ninakokusoma katika zaburi ile. Mlinzi haileti asubuhi, wala hawezi kuiharakisha. Anachoweza ni kuhakikisha kwamba ikifika, itakikuta alichokabidhiwa.

Na hapa nina neno na sisi Waadventista. Jina letu lenyewe ni la kungoja. Wamisionari Arthur Carscallen na Peter Nyambo walifika Gendia mwaka 1906, na tangu hapo vilima vya Homa Bay vimesikia kwamba Bwana anarudi. Bibi zetu wamezikwa na tumaini hilo, nami nitazikwa nalo. Lakini tumezoea kuhesabu ishara kuliko kulinda watu. Tunajua sana saa ya unabii imefika wapi, na hatujui mjane wa benchi la nyuma amekula nini. Mlinzi anayetazama saa tu huku mwizi anaingia hajangoja chochote.

Pale ufuoni walikuja watu wema na "subira huvuta heri." Mmoja, mhubiri kabisa, akasema kama familia ingekuwa na imani ya kutosha, ziwa lingekuwa limeshamtoa. Namwambia leo nilichoshindwa kumwambia siku ile: ulikosea, ndugu yangu, na ulimuumiza mama aliyekuwa akifanya kazi ya mlinzi. Yule aliyetufaa ni mama mmoja muuza samaki. Hakuleta methali wala mahubiri. Alikuja saa nane ya usiku na kiti chake cha plastiki, akamwambia dada, "Lala kidogo, dada yangu. Mimi nitaangalia maji." Dada akalala saa mbili nzima, mara ya kwanza. Walinzi wana zamu, na usiku mzima haubebwi na mtu mmoja.

Asubuhi ya nne wavuvi walimkuta kijana wetu kwenye matete. Tulimzika nyumbani, na mchungaji akaisoma Zaburi ya 130 yote.

Dada bado yuko Sori, na bado huamka kabla ya jogoo akaenda kutazama maji. Ukipita njia ile alfajiri, usiende na methali. Nenda na kiti.